Basi yeye ndo anafaulu

Jamani kuna mtoto wa fomu tuu ananinyima usingizi tangu Jumatano. Kadogo, soksi moja imeshuka, maiki inamzidi.

Nilishawaambia kuhusu ile shughuli ya watafiti kwenda kubishana sekondari, watoto wapende sayansi. Mada: serikali imebakiwa na hela ya utafiti mmoja tu, apewe nani. Kaka wa mkonge akaanza na Mjerumani Hindorf, miche aliyoileta 1893 ikafa karibu yote ikabaki 62, ndo mashamba yote haya unayoyaona ukienda Muheza. Watoto miayo. Akaja yule mwenzangu wa samaki (mnamjua kwa sifa) na silikanti, yule samaki wake wa kale, eti dunia nzima ilijua kaisha zama za dainosaria mpaka 1938 akavuliwa Afrika Kusini, na wavuvi wetu wa Kigombe wanamkuta kwenye jarife, nyavu zao kubwa. Ukumbi ukalipuka. Nusu ya wale watoto wana mjomba baharini, ulitegemea nini.

Mie nikasimama na mbu wangu. Nikawapa yule daktari Ross, India, 1897, alivyompasua mbu akakuta vimelea vya malaria tumboni, nikajiona nimemaliza. Ndo kale kakanyoosha kidole.

"Shikamoo madam. Umesema tangu 1897 mnajua ni mbu. Mbona bado anatuuma?"

"Marahaba. Kwa sababu na yeye anatusoma. Tukitia dawa kwenye chandarua, wale wachache wasiodhurika wanabaki, wanazaa wenzao."

"Basi yeye ndo anafaulu." Kakakaa.

Kelele zake! Mwalimu wa nidhamu kagonga meza mpaka basi, na mie nacheka kile kicheko cha picha za harusi. Tangu hapo nimeshamjibu jikoni, nimemjibu bafuni, nimemjibu kwenye bajaji dereva akageuka. Harusi ya Zuhura imepita, ofisi tumehamia jengo jipya, mie bado nabishana na mtoto hayupo. Jibu zuri limenijia jana, kwamba siku hizi kuna vyandarua vya dawa mbili, vilijaribiwa Misungwi kule Mwanza na malaria ikapungua kuliko kwa vile vya dawa moja. Halafu namsikia kabisa: na hizo mbili si atazisoma?

Ila leo nafua ndo nikakumbuka kilichofuata, sijui kwa nini nilikiruka. Watu walikimbilia picha na bango la samaki, kenyewe kakaja mezani kwangu. Nilikuwa na vikombe vya karatasi vimefungwa neti juu, mbu hai ndani. Kakagandisha jicho pale muda mrefu, kisha: "Hawa wenye ndevu ndo madume?" Hakuna aliyemwambia! Kweli madume wana manyoya mengi kwenye papasi zao, vile vipembe vya kichwani. Kakatoa peni, kakachora kiganjani mbu wa malaria anavyotua, kichwa chini mkia juu, kamepatia kabisa. Nimecheka peke yangu na povu mikononi.

(Kura kapigia samaki, nilimwona. Mkonge naye kanizidi, sijui mikono ile ilitoka wapi.)

Nilitaka niendelee lakini Mama kapiga kutoka Pangani, Baba kaacha tena vidonge vya presha, kuna mtu kijiweni kampa mizizi ya kuchemsha na anasema anajisikia kijana. Kesho alfajiri nashika basi. Mwenye kujua namna ya kuongea na mzee wa Kidigo aliyeshaamua aniambie kabla sijafika.