Na kitabu nacho kinachajiwa?

Tangu Jumapili kuna sentensi moja imenikaa kichwani haitaki kutoka, na aliyeisema nina hakika keshaisahau. Nimeosha nayo vyombo, nimepanda nayo daladala, nimehesabu nayo mahema kwenye stoo ya kazini, kampuni ya kupandisha wageni Kilimanjaro. Naiandika, pengine itatulia.

Mama mkwe alishuka kutoka Kibosho kwa ajili ya kliniki yake ya presha, akakaa kwetu wiki nzima. Hana neno baya hata moja, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Mtu asiye na neno baya utamshtaki kwa nani?

Basi Jumapili baada ya misa tulikaa barazani. Yeye anamenya ndizi za machalari, beseni la maji liko miguuni pake, mimi nina kitabu changu. Kabla hamjaanza kunisema: nyama ilikuwa jikoni inachemka, nyanya na vitunguu nilishakata, na ndizi alinikataza mwenyewe, ati mimi namenya mpaka inabaki kiini. Kwa hiyo nilikuwa nimekaa kihalali kabisa.

"Unasoma nini, mama Glory?"

"Kitabu, mama."

"Kiko wapi?"

"Si hiki hapa. Vimo vingi humu ndani."

Akafuta mikono kwenye kanga, maana ule utomvu wa ndizi ukishika hautoki, halafu akakipokea kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepewa kifaranga. Akakigeuza nyuma. Akakigeuza mbele. Akakiinamisha, akaona kile kitundu cha chini.

"Na hapa?"

"Hapo ni pa kuchajia."

"Na kitabu nacho kinachajiwa?"

"Ndiyo mama, lakini mara moja moja tu."

"Haya."

Akanirudishia, akachukua ndizi nyingine. Basi. Baadaye tukala, akanisifia chumvi.

Mimi ndiye niliyebaki barazani. Kila nikiirudia naisikia kwa sauti nyingine. Jumapili usiku ulikuwa mshangao wa mtu mzima aliyeona kitu kipya. Jumatatu asubuhi napiga mswaki, ikawa huruma: maskini mtoto wa watu, hata kusoma hawezi bila waya. Kufika jioni ilikuwa kejeli kamili. Na siongezi chumvi hapa: kati ya jibu langu na swali lake alinyamaza kidogo, na katika kunyamaza huko macho yake yalipita mlangoni yakaenda mpaka kwenye kona ya televisheni, penye ekstensheni.

Kona yenyewe mnaijua. Kuna chaja ya simu yangu na ya baba Glory, kuna kile kisahani cha sumaku cha saa, kuna kikasha cha spika za masikioni, kuna taa ya dharura, kuna mashine ya kunyolea, na waya mmoja mweupe ambao hakuna anayekumbuka ulikuja na nini lakini hakuna anayethubutu kuutupa. Usiku ukizima taa ya sebuleni pale panawaka vijitaa vyekundu na vya kijani. Mimi napapenda. Sitaomba radhi kwa hilo. Kuna wanawake wanapenda vitenge, kuna wanaopenda vyombo vya udongo, mimi nikisikia mlio wa kitu kinachopokea moto moyo unatulia.

Lakini jamani, kati ya vyote hivyo, aone kitabu!

Hilo ndilo linaloniuma. Angeisema saa ningenyamaza, saa haina utetezi. Inataka kuchajiwa kila wakati na kazi yenyewe inaifanya kwa kubahatisha: inahisi mkono unavyocheza, basi nikisonga ugali wa watu sita inanipongeza nimetembea vizuri, na nikisukuma toroli la sokoni kilomita nzima mkono ukiwa umetulia, inaona nimekaa. Angezisema spika za masikioni ningecheka naye. Kindle, hiki kitabu changu cha kielektroniki? Ile niliyoinunua kwa mwongozaji wetu aliyepewa na mgeni wake siku ya kugawa tipu, ile iliyokuja inaongea Kijerumani? Hiyo ndiyo inayochajiwa mara chache kuliko kitu chochote ndani ya nyumba hii.

Kioo chake si kama cha simu. Ndani mna vijipovu vidogo mno, na kila kijipovu kina chembe nyeusi na chembe nyeupe. Umeme ukipita, nyeusi zinapanda au nyeupe zinapanda, herufi inajitokeza, halafu umeme hauhitajiki tena mpaka ufungue ukurasa mwingine. Ndiyo maana hata ukikizima picha inabaki pale pale kwenye kioo na hakuna kinacholiwa. Taa yake ya kusomea gizani ndiyo inayokula, nami mchana siiwashi. Haya yote ningeweza kumweleza. Nilikuwa na nafasi, nilikuwa na kifaa mkononi, nilikuwa na mtu aliyeuliza. Ila "haya" yake ilishafunga mlango, na mkwe haufungui mlango uliofungwa na mama wa mumewe.

Nilimuuliza baba Glory mama yake alimaanisha nini. Akasema hakumaanisha kitu. Nikamwambia alimaanisha. Akasema basi labda ni LUKU, huu umeme wa kulipia kabla, wazee wanaogopa LUKU. Usiku ule nikakaa na kalamu. Simu ya betri ya 5,000 mAh inabeba kama wati-saa 19. Hata ukiongeza ule moto unaopotea njiani kwenye chaja, uniti moja ya LUKU (wati-saa 1,000) inaichaji mara 40 hivi. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka mfululizo inaimaliza uniti hiyo hiyo kwa saa moja, na mashati ya kunyooshwa kila asubuhi humu ndani si yangu. Kitabu changu betri yake haifiki hata nusu ya ile ya simu. Nikampelekea karatasi. Akasema, "Sasa mimi nimefanya nini?" akageukia ukutani.

Mama Careen wa kazini yeye alisema ni ndizi. Kwamba hata kama nilikatazwa, nilitakiwa nikatae kukatazwa, nichukue kisu nimenye vibaya hivyo hivyo. Nikamwambia huo ni ushirikina. Lakini nikaondoka nao.

Glory akaniambia, "Mama, si kweli kinachajiwa?"

Jibu lilinijia Jumanne, ndani ya daladala. Limekuja zuri mpaka nikacheka peke yangu na konda akanigeukia kama nimemwita. Ni hivi: kule Kibosho mama ana redio yake, ile ya betri kubwa za kurunzi. Betri zikianza kuchoka na sauti ya padri ikaanza kuvutika, anazitoa, anaziweka juu ya bati la banda la mbuzi, karibu na maharage, zinakaa juani mpaka alasiri. Jioni zinarudi kwenye redio na rozari inasikika. Kila mtu anayemjua anajua hilo bati. Sasa ningemwambia, kwa heshima zote na kwa kicheko: "Si kama zile betri zako mama, pale juu ya banda, zinachajiwa na Mungu?"

Ah! Angecheka. Najua angecheka, angenipiga na kanga begani. Lakini maneno hayo yalitakiwa Jumapili kati ya ndizi mbili. Ukimfuata mtu Jumanne na jibu la Jumapili, hilo si jibu tena, umeanzisha ugomvi. Nikalimeza, nikashuka Mbuyuni.

Halafu Jumatano kundi lililopanda kwa njia ya Machame likarudi, nikawa napokea vifaa. Mnajua siku za kupokea zilivyo: wagumu, wale wabeba mizigo, wananuka moshi na jasho, mahema mabichi, redio za upepo zimekwisha moto, vile vibanio vya kidoleni vya kupimia oksijeni lazima nivihesabu mbele ya mwongozaji. Mgeni mmoja akaja mpaka dirishani kulalamika kwamba pawabenki tuliyomkodisha ni feki, imeandikwa 10,000 na simu yake ni ya 5,000, mbona haikujaza mara mbili.

Nyie, hapo ndipo wiki yangu ilipogeuka. Hakuna swali ninalolipenda kuliko hilo. Nikaigeuza pawabenki nikamwonyesha yale maandishi madogo ya nyuma ambayo watu hawayasomi: wati-saa 37. Ile 10,000 ni hesabu ya betri za ndani, ambazo ni za volti 3.7. Ili utoke nje, umeme unapandishwa hadi volti 5, na hapo 10,000 inabaki 7,400. Kisha toa unaopotea kwa joto. Kwa hiyo simu moja na robo, ukibahatika zaidi kidogo, na hakuna aliyekuibia. Kule uwanja wa ndege nako wanaangalia hizo hizo wati-saa, siyo ile namba kubwa ya mbele. Mpaka 100 unapanda nayo bila kuomba ruhusa, ila iwe kwenye begi la mkononi.

Mwongozaji naye akadakia, akamuuliza kule kambi ya Barafu ulilala nayo au uliiacha kwenye begi? Mgeni akasema begini. "Basi," mwongozaji akasema, "ndiyo hapo." Ni zaidi ya mita 4,600 pale, usiku baridi inakata. Baridi inazubaisha ile kemia ya ndani ya betri, moto upo lakini hautoki, simu inaonyesha 30 halafu inazima ghafla. Waongozaji wetu kila safari wanawaambia wageni walale na simu na pawabenki ndani ya begi la kulalia, zishike joto la mwili, maana kuna mtu anapanda hatua zote zile, anafika Uhuru mita 5,895, anatoa simu apige picha, kioo cheusi.

Nikabaki nimeishika ile pawabenki. Maana joto linaichangamsha kemia, baridi inaizubaisha: si ndiyo bati la banda la mbuzi lenyewe? Zile za mama ni betri za aina nyingine, hazichajiki, jua haliwezi kurudisha kilichokwisha kuliwa. Linazipa pumzi tu, zinatema kile kidogo kilichogoma kutoka. Lakini ni jambo lile lile! Mama mkwe juu ya banda na mgeni wa Ulaya kwenye hema la Barafu wanacheza na kitu kimoja, na mimi dirishani katikati yao na daftari la mapokezi. Nilifurahi, aisee, nilifurahi mpaka nikamsamehe mgeni faini ya taa ya kichwani aliyoipoteza (bosi kama unasoma, ilikuwa ya zamani).

Kwenye daladala ya kurudi nilikuwa najiandaa kumsimulia. Nikafika, nikamkuta amelala. Asubuhi yake tukaondoka wote na giza kwenda Rombo kumzika shangazi yao baba Glory, Ijumaa nikaitwa ofisini nikaambiwa kuanzia mwezi ujao nasimamia stoo zote mbili, ya hapa na ya Arusha, nikasema asante, na kufika Jumamosi mama alishafunga mkungu wake kwenye kiroba yuko stendi. Nafasi haikupatikana.

Baba Glory sasa anataka kumnunulia redio ya sola. Ameiona duka moja pale Double Road, ina taa, ina sehemu ya kuchomeka memori, inachajiwa juani na inachajiwa na waya. Ananionyesha picha huku anacheka, ati nilidhani utafurahi. Nikamwambia asubiri kwanza. Akauliza asubiri nini, wakati kila siku ni mimi ninayesema mama atoke kwenye mabetri. Sikumjibu. Ukweli ni kwamba mama akishapata redio ya kuchaji, akaizoea, akaanza kuuliza waya uko wapi, mimi hii sentensi yangu nitaipeleka wapi? Najua ni roho mbaya. Mwisho wa mwezi ataipata. Nimemwekea betri mpya mbili kwenye mkoba, zitamfikisha.

Halafu kuna jambo la jirani wa upande wa chini. Ameanza kuchimba shimo la choo karibu kabisa na ukuta wetu, vijana walikuwa kazini leo tangu alfajiri na udongo wameulundika upande wetu. Nilienda kuchungulia: limeshapita kimo cha mtu na halina tofali hata moja. Baba Glory anasema wataanza kujengea Jumatatu. Mvua za masika haziko mbali, na ule ukuta, tukisema kweli, msingi wake haukuchimbwa chini kivile.