Nilivyodai Fidia ya Kifo cha Mume Wangu Baada ya Chanjo ya Mafua

Wakili wa kwanza niliyemwendea hapa Marekani alinishauri nimshtaki mtengenezaji wa chanjo katika mahakama ya kawaida, naye achukue theluthi ya malipo. Ushauri huo ungeniponza. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1986, madai ya chanjo hii lazima yaanzie katika mpango wa taifa wa fidia, mbele ya Mahakama ya Madai ya Shirikisho, ambako mlalamikiwa ni Waziri wa Afya na wakili hulipwa na mfuko wa mpango huo, hata mkishindwa, maadamu dai lilikuwa na msingi. Anayetaka fungu la fidia yako mwache. Kwa kifo, muda ni miaka 2 tangu msiba, na isizidi miaka 4 tangu dalili ya kwanza.

Mume wangu alipata ugonjwa wa Guillain-Barré, ambao kinga ya mwili hushambulia mishipa ya fahamu. Jedwali la madhara la mpango huo linaukubali kwa chanjo ya mafua iwapo dalili zilianza kati ya siku ya 3 na ya 42. Nje ya hapo, ni juu yako kuthibitisha chanzo. Hapo ndipo tulipokwama, kwani hospitali iliandika tarehe ya kulazwa, iliyokwisha kupita siku 42, bila kutaja ganzi ilianza lini. Nilisikiliza kila ujumbe wa sauti aliowahi kumtumia dada yake, mpaka nikaufikia ule aliosema kwamba nyayo zimemfa ganzi na hapandi ngazi bila kushika ukuta. Tarehe yake ilikuwa ndani ya muda! Kumbukumbu za kazini zilionyesha kuwa aliomba ruhusa wiki hiyohiyo, na wifi yangu akaapa kwa maandishi juu ya aliyoyasikia. Serikali haikubishia tena tarehe.

Fidia ya kifo ni dola 250,000, kiwango kilichowekwa na sheria ileile na ambacho hakijapandishwa mpaka leo, jambo ninaloliona kuwa dhuluma kwa wafiwa. Ada ya kufungua dai ilikuwa kama dola mia nne. Malipo huenda kwa mirathi, kwa hiyo ombeni mapema mahakama ya jimbo imthibitishe msimamizi, maana kwetu hati hiyo ndiyo iliyochelewesha hundi.