Apa na Samaki wa Balkhash

Julai 2014 nilikuwa mwaka wa pili chuoni Almaty, Kazakhstan, na sikuwa nimeona ziwa tangu niondoke nyumbani. Mtoto wa Ukerewe, kisiwa cha ziwa Victoria, akikaa muda wote huo bila maji yanayoishia kwenye upeo wa macho, kuna kitu kinampungua mwilini. Almaty ina milima ya theluji, ina matofaa matamu, lakini usiku nilikuwa naota mitumbwi. Mwenzangu wa bweni aliponidokeza kwamba bibi yake anaishi kando ya ziwa Balkhash, sikumpa nafasi ya kupumua mpaka aliponipeleka.

Tulitoka alfajiri kwa gari la mjomba wake. Nyika ya kule ni tupu kweli. Serengeti ina migunga na wanyama wa kupumzishia macho. Kule ni majani mafupi yaliyokauka, ardhi na mbingu, saa baada ya saa, na mara mojamoja kundi la farasi. Halafu, bila kilima wala bonde, mbele yetu ukatokea mstari wa buluu. Si buluu ya ziwa letu. Hii ilikuwa na weupe ndani yake, kama maji yaliyodondoshewa maziwa.

Ufukweni hapakuwa na mtu. Changarawe, mchanga, matete, na boti moja ya bati iliyopinduliwa. Nikavua viatu, nikachota kwa kiganja, nikaonja, maana kwetu ndivyo mtu anavyolisalimu ziwa. Maji baridi! Yana kaladha ka magadi, lakini yananyweka. Mwenzangu akanieleza kwamba tuko upande wa magharibi, unaolishwa na mto Ili. Ziwa lina urefu wa kilomita 600 hivi, na ukivuka mlango mwembamba wa Uzynaral, kule mashariki unakuta maji ya chumvi. Nikaingia ndani hatua kama mia, na maji hayajapita magoti.

Bibi yake wanamwita Apa, nami nikamwita Apa. Jioni aliweka samaki watatu juu ya ubao, nikajikuta nimepaza sauti: "Sangara!" Mapezi ya mgongoni yenye miiba, mdomo mpana, magamba yanayong'ang'ania ngozi. Kwa kumwangalia vizuri nikaona ni mwembamba kuliko wetu, na ana mistari myeusi ubavuni. Wao wanamwita sudak. Nikaomba kisu, nikaanza kuparua kuanzia mkiani kama alivyonifunza babu. Apa akasogea kutazama mikono yangu.

"Nilipokuwa msichana, huyu hakuwepo," akasema. "Walimleta."

Aliletwa miaka ya 1950. Kabla yake watu walikula alabuga wa hapohapo na marinka, na sudak alipozidi, hao wakawa wa kutafutwa kwa tochi. Kisu kilinisimama mkononi. Sangara naye alipandikizwa katika ziwa Victoria miaka hiyohiyo ya 1950, na aina nyingi za furu, samaki wetu wadogo wa asili, zikapotea. Nikamsimulia Apa, kwa Kirusi changu cha kuungaunga, jinsi minofu inavyosafirishwa Ulaya na wenyeji wakabaki kununua mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki baada ya minofu kutolewa. Akatikisa kichwa taratibu. Minofu ya sudak nayo inakwenda Ulaya.

Akanionyesha kwa kidole maji yalikokuwa yanafika zamani, kabla ya mto Ili kuzibwa kule Kapchagay mwaka 1970 na ziwa kuanza kushuka. Palikuwa mbali nyuma yetu, kwenye majani makavu.

"Na huyo furu wenu, ladha yake ikoje?"

Swali hilo liliniuma. Nilimla mara chache mno, nikiwa mdogo. Nikamjibu kwa maneno ya babu: mtamu kuliko sato, ila ana miiba mingi.

"Marinka vilevile," akasema Apa, uso ukamng'aa. Kisha akaniambia kwamba marinka ana utando mweusi tumboni, na una sumu; usipoutoa wote, unaumwa. Akachukua sudak mmoja, akampasua, akaingiza kidole gumba na kukwangua tumbo kutoka kifuani hadi mkiani, polepole, mara mbili, tatu. Ndani mlikuwa mweupe, hakuna utando wowote. Aliendelea kukwangua ili nione.