Vina vya nani

Siku ya tano leo baba ananiuliza swali lile lile kichwani, naosha vyombo ananiuliza, nimekaa kwenye basi ananiuliza, na mwenyewe huko Tanga pengine keshasahau kabisa.

Mnakumbuka lile shairi la Richard Wilbur, mshairi wa Marekani, ninalohangaika kulitafsiri kwa Kiswahili tangu Januari, la binti anayechapa hadithi chumbani na baba yake kasimama kwenye ngazi anasikiliza. Nimelimaliza. Beti zote, mizani (yaani silabi) kumi na sita kila mstari, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho, nimehesabu kwa vidole mpaka abiria mwenzangu akahama siti. Jumapili nikamrushia baba kwa WhatsApp, nikampa muda wa kunywa chai, alafu nikapiga.

"Shikamoo baba, limekufikia?"

"Marahaba. Limefika, nimelisoma mara mbili. Mizani imetimia, hongera."

Jamani, hongera ya baba kwenye mizani mnajua naitafuta tangu lini.

"Na huyu mzungu wako ndo kaliandika hivi, kwa vina?"

"Hili hapana baba. Mengine yake ndiyo, mengi tu, ila hili kaliacha bila vina."

Kimya. Nasikia jogoo, nasikia kijiko kinazunguka kwenye kikombe.

"Sasa vina hivi ni vya nani?"

Nikacheka, kile kicheko cha mtu aliyekutwa na sukari mdomoni. Nikasema ah baba si nilitaka lisomeke Kiswahili, akasema "haya mwanangu", tukahamia kwenye presha yake na habari kwamba mdogo wangu kajifungua mapacha, wa kike wote, wazima alhamdulillahi, na mimi hata kilo sikuuliza kwa sababu nilikuwa bado niko kwenye vina.

Kinachoniuma ni kwamba aliyeuliza ni baba! Mtu anayezijua sheria za Amri Abedi za kutunga mashairi kama anavyojua njia ya msikitini, mtu ambaye Kezilahabi alipotoa Kichomi, yale mashairi yake yasiyo na vina, mwaka 1974 alisema (mama ndo shahidi) kwamba hawa vijana wanashusha mzigo melini bila kuuhesabu, na yeye alikuwa karani wa kuhesabu shehena bandarini kwa hiyo hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Mi nilidhani vina ni zawadi kwake. Nimemtoa mzee wa Massachusetts, nimemnyoa, nimemvisha kanzu na kofia, nampeleka kwa baba amsalimie, na baba anauliza kanzu ya nani hii.

Na mbaya zaidi jibu nilikuwa nalo, nililiandika mwenyewe hapa. Si mimi niliyejaza post nzima ya Februari kumsifu Wilbur kwa kazi yake ya kutafsiri michezo ya kuigiza ya Molière? Kwamba kuanzia ule mchezo wa kwanza wa 1955 na Tartuffe ya 1963 alikataa katakata kuugeuza kuwa maneno ya kawaida, Mfaransa kaandika kwa vina viwili viwili basi na Kiingereza kitakuwa na vina viwili viwili, ile mistari ya silabi kumi na mbili akaishusha hadi kumi kwa sababu ndiyo pumzi ya Kiingereza, na alienda polepole kama mtu anayechambua mchele. Watu wa miaka ya sitini walimwona nadhifu mno, wenzake wanavunja kila kitu yeye bado anapanga, na huyu ni mtu aliyepita vita ya pili ya dunia kule Italia, Cassino na Anzio, ndo huko alipoona kwamba dunia ikikuponyoka unahitaji shairi ili ujipange. Alisema jini nguvu zake zinatokana na kufungiwa kwenye chupa. Nikaibandika hiyo kwenye friji. Ila chupa aliyompa Molière ilikuwa ya Molière. Yangu nimeitoa kabatini kwangu.

Hata Mwalimu Nyerere, na vina alivijua, tenzi zake za Biblia zipo, alipomtafsiri Shakespeare hakumpachika vina Juliasi Kaizari.

Na kazini ndo aibu kabisa. Mi mkalimani wa hospitali. Mama wa Uvira, Kongo, akisema "tumbo inanikata" nasema tumbo linamkata, siongezi "sana", sitoi, nikiongeza neno moja daktari anampa dawa nyingine. Masaa nane kwa siku siongezi neno la mtu, alafu narudi nyumbani naongeza vina shairi zima.

Jumatatu usiku nikafungua laptop nikaangalia kwa jicho la baba. Mistari hii:

Chumbani yumo mwanangu, hadithi anaandika,
Namtakia mwenzangu, salama apate fika

Mwenzangu! Baba anamwangalia binti yake wa kumzaa anamwita mwenzangu, kama wamekutana stendi, kisa nilihitaji -ngu. Na yule kwezi wa Wilbur, ndege aliyenaswa chumbani, anayejigonga dirishani mpaka anaanguka chini kama glavu, mimi kwenye ubeti wa tano nimemtoa nje kwa "akaenda zake", ndege aliyevuja damu, kaenda zake. Nilifunga laptop. Jumanne sikuandika kitu, niliamua mi si mshairi, nibaki na maumivu ya matumbo ya watu.

Jumatano asubuhi, natoka zamu (wamenihamishia usiku, hiyo hadithi ya siku nyingine), nakuta ujumbe wa sauti wa baba, sekunde kumi na tisa. Kumbe kamwita kijana wa jirani mwenye bando, wametafuta shairi lenyewe la Kiingereza, kalisoma na Kiingereza chake cha bandarini. Anasema, "Nyumba ya huyu bwana ni chombo. Wewe umeandika chumba cha mbele. Sema omo. Na mnyororo wa nanga umeutupa wapi? Na usiseme mzigo, sema shehena."

Nimeurudia mara tisa pale pale parking. Omo, mbele ya chombo, mi naijua kwenye methali tu, tezi na omo, sijawahi kuitamka maishani. Na ni kweli, lile shairi lote liko baharini, mashine ya taipu inalia kama mnyororo unaovutwa juu ya ubavu wa chombo, binti ana shehena nzito na bado mdogo, baba anamtakia safari njema. Mimi nilikuwa bize nahesabu, meli ikapita.

Sijaenda kulala siku hiyo. Nimefuta vina vyote nikaanza upya, nimeandika "Chumba chake kiko omo", basi, hapo hapo nikaacha. Nikahesabu, siwezi kujizuia, ni mizani nane. Sijamtumia bado. Nataka beti tatu angalau.

Alafu gari limeanza kelele mbele, upande wa kulia, nikikanyaga breki, sauti kama kijiko kwenye sufuria, na stika ya ukaguzi inaisha mwezi huu.