Usiku ule laptopu kuukuu iliporekodi bendi nzima

Ile laptopu alinipa binamu yangu, ilikuwa ina miaka kama minane hivi, bawaba moja imelegea, na ukiiwasha unasubiri dakika nne nzima ndo ikubali kufungua chochote. Ndani ina prosesa ya i5 ya kizazi cha tatu, RAM GB 4, na diski ya kizamani ya kuzunguka. Kila mtu niliyemwambia nataka kurekodia bendi live na hiyo mashine alinishauri nisubiri nipate hela ninunue mpya. Ila mimi sikuwa na muda wa kusubiri, maana mzee aliyenifundisha gitaa alikuwa anapiga onyesho lake la mwisho na bendi yake, vidole vilishaanza kumuuma, na kwa miaka yote aliyopiga hajawahi kusikia bendi yake ikiwa imerekodiwa vizuri. Zilikuwepo video za simu tu, besi haisikiki na sauti imepasuka.

Basi nikakaa nikapiga hesabu kabla ya kuogopa. Nataka chaneli 8, kwa 24-bit na 48 kHz, yaani kila chaneli sauti inapimwa mara 48,000 kwa sekunde (kila kipimo ni sampuli moja) na kila kipimo kina biti 24. Chaneli moja inakula baiti 144,000 kwa sekunde, kwa hiyo nane zote ni kama MB 1.15 tu kwa sekunde. Nilipoiona hiyo namba niliirudia mara tatu nikidhani nimekosea, maana ni kidogo sana, hata USB 2.0 inabeba bila shida. Kumbe kurekodi tu si kazi nzito, kazi nzito ni kumiksi na kuweka efekti, na hiyo nitaifanya nyumbani taratibu. Pale ukumbini kompyuta inatakiwa ifanye jambo moja, ipokee sauti iandike kwenye diski bila kukatika hata kidogo, masaa mawili.

Pesa kidogo niliyokuwa nayo ikaenda kwenye SSD (diski ya haraka isiyozunguka) na RAM ya kufikisha GB 8, na kadi ya sauti ya nje yenye ingizo 8, kile kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta kwa USB, nikaazima kwa rafiki. Nikafuta kila kitu nikaweka mfumo upya, halafu nikaanza kuondoa. Hapa ndipo nilipotumia siku nyingi kuliko mahali pengine popote, na ukiniuliza leo ndo sehemu muhimu kuliko hata hiyo SSD. Antivairasi sikuweka kabisa, maana mashine haitaingia mtandaoni tena. Waifai na bluetooth nikazima. Apdeti nikazima, kulala kwa skrini nikazima, na ule mpangilio wa kukata umeme wa USB ili kuokoa betri nikauzima pia, huo ni adui mkubwa sana wa kadi za sauti na watu wengi hawaujui. Bafa, ile akiba ya sauti inayosubiri kompyuta iichakate, nikaweka sampuli 1024, yaani sauti inachelewa kama milisekunde 21, lakini nani anajali wakati hakuna mwanamuziki anayejisikiliza kupitia kompyuta? Watu wanahangaika na bafa ndogo kwa sababu wamezoea mambo ya studio.

Nikaweka Reaper, programu ya kurekodia, maana ni nyepesi, na nikaiambia kila chaneli iandike faili lake la mono, yaani la chaneli moja tu. Faili la kawaida la WAV haliwezi kuvuka GB 4, ukiweka chaneli nane kwenye faili moja unafika hapo baada ya saa moja na dakika mbili hivi, katikati ya onyesho! Zikiwa mono moja moja kila faili linaenda zaidi ya masaa nane. Nikaacha inarekodi ukimya usiku kucha, asubuhi nikakuta hakuna ilipokatika.

Siku yenyewe nikafika mapema, fundi mitambo wa ukumbi alikuwa mama mmoja mtaratibu, nikamwomba nichukue sauti kwenye inserti za miksa yake, yale matundu ya kila chaneli ya kutolea na kurudishia sauti. Akaniuliza, "Unajua kuchomeka nusu?" Nikamwambia najua. Ukisukuma plagi ya mono mpaka mlio wa kwanza tu unapata sauti ya kila maiki kabla ya feda (kile kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti), na ya ukumbini haiguswi. Ukisukuma mpaka mwisho unaikata hiyo chaneli, umeharibu onyesho la watu. Nikachomeka nane zote, mkono unatetemeka, halafu nikazibana waya kwa utepe zisisogee.

Nikavaa hedifoni. Mvumo. Mvumo mnene kwenye chaneli zote nane, mmmmmm, hauishi. Nikachomoa chaja ya laptopu, ukaondoka. Nikarudisha, ukarudi. Betri yenyewe ni ya miaka minane, nilishaipima nyumbani inadumu dakika 50, na onyesho ni masaa mawili. Jasho lilinitoka. Kulikuwa na kijana pale pembeni akaniambia nizibe pini ya ethi (ya waya wa ardhini) kwenye plagi, mvumo utaisha. Yule mama alimkatiza kwa ukali ambao sikuutarajia kwake. "Hiyo ethi ndo inamlinda anayeshika maiki. Haizibwi hapa." Akaja mwenyewe akafuata waya wangu na tochi, akakuta nimechomeka kwenye soketi ya ukuta wa upande wa pili, wakati miksa yake inakula umeme upande huu. Akanipa nafasi kwenye ekstensheni yake ileile inayolisha miksa. Mvumo ukashuka mpaka nikawa nausikia tu nikishikilia pumzi. Ile njia ya ethi mbili tofauti ilikuwa inazunguka ukumbi mzima kama duara, na waya zangu zisizo balansi, yaani zisizoweza kujifutia mvumo, zikaibeba hiyo takataka yote. Nilikuwa nimesoma hayo mambo ya graundi lupu, ndo hilo duara la ethi, zaidi ya mara kumi ila siku hiyo ndo nikaielewa.

Leveli nikaziweka chini, vilele vigonge kama -18 dB kwenye mita (sifuri ndo mwisho, ukivuka sauti inapasuka), watu wengine wangeona ni chini mno. Kwenye 24-bit hakuna haja ya kubana juu, na inserti ziko baada ya geini (kitufe cha kukuza sauti ya maiki), kwa hiyo fundi akizungusha geini na mimi inanipanda. Na kweli, wimbo wa nne mwimbaji alianza kunong'ona, mama akampandishia geini, halafu kwenye kiitikio jamaa akafungua koo lote. Nikaona mita inaruka mpaka -4. Haikupasuka. Nilitamani kumkumbatia mtu.

Dakika zilizobaki sikufanya kitu. Sikugusa mausi. Nilikaa naangalia ile mistari minane inajiandika, na namba ya CPU iko chini ya asilimia 10, kwenye mashine ambayo ilikuwa inaenda kutupwa.

Masaa mawili na dakika kumi, karibu GB 9. Watu wanatoka, mimi nanakili kwenye diski ya nje kabla hata sijachomoa waya mmoja, maana faili likiwa sehemu moja tu kwangu mimi bado halijarekodiwa. Mzee akaja akakaa kwenye boksi la spika pembeni yangu, gitaa bado liko begani.

"Imeshika, mwanangu?"

"Imeshika, mzee."

Nikamvalisha hedifoni, nikafungua wimbo wa kwanza, nikazima chaneli zote nikaacha ya gitaa lake tu. Alifumba macho. Akasikiliza mpaka katikati ya solo, halafu akanigusa mkono.

"Hapo niliharakisha."

Nikataka kumwambia hapana mzee, lakini alikuwa ameshanionyesha kwa kidole nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akasikiliza tena, vidole vyake vinatembea juu ya nyuzi bila kuzibonyeza, na fundi mama alikuja kuzima taa za jukwaani akatuona, akaiacha moja.