Ushuru wa Mitumba na Bei Iliyolipwa na Rwanda

Kila nikipita penye marobota ya mitumba hukumbuka kwamba nguo hizi, ambazo kwetu ni jambo la kawaida kabisa, ziliwahi kuzua mvutano kati ya Marekani na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubaliana kuziondoa sokoni hatua kwa hatua ili viwanda vya ndani vipate kupumua, na Rwanda ikapandisha ushuru wake kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Wauzaji wa mitumba wa Marekani walipolalamika kwa serikali yao, Kenya, ambayo viwanda vyake vya nguo vilitegemea mno mpango wa AGOA wa kuingiza bidhaa Marekani bila ushuru, ilirudi nyuma mapema, kisha Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ilikataa, na Julai 2018 nguo zake zikasimamishwa katika mpango huo.

Nionavyo mimi, Rwanda iliweza kushikilia msimamo kwa sababu mauzo yake ya nguo Marekani yalikuwa madogo, ilhali Kenya ingehatarisha ajira za maelfu ya washonaji. Ushuru humlinda mwenye kiwanda, lakini wa kwanza kuuhisi ni mchuuzi na mnunuzi. Tena kitambaa cha ndani hakishuki bei kwa sababu tu mtumba umepanda, na nguo mpya za bei nafuu kutoka China, ambazo ushuru wa mitumba hauzigusi, huwa tayari kulijaza pengo.