Ukishinda unavunwa, ukianguka unavunwa

Jumapili ya tarehe 28 Mei 2023, jioni, nilizima mashine nikiwa nimemaliza upande mmoja tu wa kichwa cha mteja. Kinyozi changu kiko Umoja, na runinga inaning'inia juu ya kioo. Leicester yangu, timu ya mpira ya Uingereza, ilikuwa imeifunga West Ham 2–1, lakini Everton, tuliokuwa tukigombea nao kubaki ligi kuu, nayo ilikuwa mbele kwa bao la Doucouré. Firimbi zikalia, tukashuka daraja. Mteja, kitambaa bado shingoni, akaniambia, "Pole, brathe. Mimi nitangoja." Nikaenda kukaa kwenye benchi.

Leicester hiyo hiyo ilikuwa bingwa wa ligi kuu 2016, wakati wachezesha kamari wa Uingereza walikuwa wameipa nafasi moja kwa 5,000. Kushuka kuliniuma, ila si kama yale yaliyofuata ubingwa. Kiangazi kile kile Chelsea wakamchukua kiungo wetu Kanté, na msimu uliofuata akabeba ubingwa wa ligi kuu akiwa nao. Winga wetu Mahrez akaenda Manchester City 2018. Tuliposhuka, Maddison akaenda Tottenham, Barnes akaenda Newcastle.

Mpwa wangu anayekaa kwangu hufuata mpira wa kikapu wa Marekani. Juni 2025 aliamka saa tisa usiku, sauti ameipunguza nisiamke, kuangalia Oklahoma City Thunder wakichukua kombe. "Anko, hawa juzi tu walikuwa mkiani," akaniambia asubuhi. Ni kweli: msimu wa 2021–22 walishinda mechi 24 kati ya 82. Kule aliye chini ndiye hupewa nafasi nzuri ya kuchagua chipukizi kwenye drafti, yaani zamu ya kila mwaka ya timu kuchagua wachezaji wapya, na ndivyo walivyompata Holmgren, chaguo la pili la 2022. Thunder wakawa bingwa wa saba tofauti katika miaka saba. Uingereza, kati ya 2018 na 2024, City walichukua ubingwa wa ligi kuu mara sita katika misimu saba.

Si kwamba nataka kila kitu chao. Kule hakuna kushuka daraja, kwa hiyo timu inaweza kukubali kupigwa msimu mzima ikingoja drafti. Timu ya kikapu ya Philadelphia msimu wa 2015–16 walishinda mechi 10 tu. Mimi nimeona watu wa Kisii walivyofurahi timu yao Shabana iliporudi ligi kuu ya Kenya 2023, na furaha ile sitaki ifutwe. Ila kwa miaka miwili mfululizo mlango wa ligi kuu ya Uingereza ulikuwa wa kuingia na kutoka tu: timu tatu zilizopanda 2023 zilishuka zote 2024, na tatu zilizopanda 2024, Leicester ikiwemo, zikashuka zote 2025.

Drafti haitufai, kwa sababu vilabu vya mpira hulea watoto kwenye akademia zao wenyewe. Kikomo cha mishahara kinachofanana kwa vilabu vyote, kama cha NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ndicho ningekichukua leo. Kingekuwepo 2016, Chelsea wasingeweza kumwahidi Kanté mshahara ambao sisi hatuuwezi. Bila yeye tulifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya 2017, tukatolewa na Atlético Madrid 2–1 kwa jumla. Bao moja tu, na kiungo wetu yuko London anawachezea wengine.